Pedi za maikrofaiba kwenye gari jeusi: zinakata vizuri, ila usiziache zishibe

Ndugu, umeuliza mambo mawili: kama pedi za maikrofaiba zitakutolea ule utando wa buibui, yaani mikwaruzo myembamba ya duara, kwenye Subaru yako nyeusi, na kama ni kweli ulivyoambiwa kwamba "zinakula rangi". La kwanza, zitautoa. La pili lina ukweli nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyonitia aibu mbele ya shemeji yangu, kwa hiyo acha nianzie hapo.

Gari lake lilikuwa Demio nyeusi, iliyooshwa miaka minne kando ya barabara kwa kitambaa kilekile kinachofuta magurudumu. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimezoea pedi za sponji tu. Nikafunga maikrofaiba mpya kwenye mashine ya kupolishi, nikatia kompaundi, ile krimu yenye chembe za kukata, nikapiga kona ya bonneti. Mikwaruzo ambayo sponji huibembeleza raundi tatu ilitoka kwa moja. Kichwa kikavimba. Nikaendelea na pedi hiyohiyo bonneti nzima, nikapanda paa, nikashuka milangoni, bila kuisafisha hata mara moja. Saa sita nikalitoa gari kivulini. Ukungu mtupu! Kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na ndani ya ukungu huo vijimstari vidogo vidogo ambavyo havikuwepo asubuhi. Shemeji akalizunguka polepole, mikono nyuma, kisha akauliza kwa upole uliouma kuliko matusi: "Shemeji, si lilikuja likiwa jeusi?"

Kosa halikuwa la pedi. Ukiitazama kwa karibu, ni nyuzi fupi za poliesta na poliamaidi zilizobandikwa juu ya sponji nyembamba, na nyuma kuna velkro. Sponji ya kawaida ukiikandamiza hubonyea na kumeza sehemu ya nguvu yako. Nyuzi hazina nafasi ya kubonyea hivyo, na kila ncha hushika chembe za kompaundi na kuzikokota juu ya rangi. Ndiyo maana hata mashine ya DA, inayozunguka huku ikitikisika, ambayo ni pole ukiilinganisha na rotari inayozunguka tu, inakata sana ikivaa pedi hii. Lakini nyuzi zinazoshika kompaundi hushika pia kila kitu kingine: vumbi la klia iliyokatwa (lile tabaka angavu juu ya rangi), mafuta, chembe zilizokwisha kazi. Pedi inashiba. Nyuzi zinalala na kugandana kama mswaki wa miaka miwili, halafu unachokisugua juu ya gari ni takataka yenye moto.

Kwa hiyo baada ya kila kipande, na kipande kwangu ni kama sentimita 45 kwa 45, pedi inasafishwa. Si baada ya kila paneli: baada ya kila kipande. Ukiwa na brashi ngumu ya nailoni, washa mashine kwa spidi ya chini, gusisha brashi, uone vumbi jeupe linavyoruka. Upepo wa kompresa ni bora zaidi maana unasimamisha nyuzi tena. Mimi sina kompresa, nina jirani fundi wa pancha, na kila Jumamosi namwendea na pedi zangu mkononi kama mtu anayepeleka mahindi kusagwa. Mwambie kwanza apulize hewani. Mitungi yao hukaa na maji ya kutu, na mara ya kwanza nilirudi na pedi yenye madoa ya kahawia.

Usijaribu gari zima kwa pedi moja wala mbili. Mimi huingia na sita kwa gari dogo. Zikianza kuwa moto naziweka kando zipoe, kwa sababu moto hulegeza gundi inayoshikilia velkro. Nimewahi kuona pedi ikivuka bonneti peke yake huku mashine imebaki mkononi na sahani tupu, ile inayoshikilia pedi.

Namna ya kuitia kompaundi nayo ina hesabu yake. Pedi kavu isiguse gari. Mara ya kwanza paka kompaundi uso mzima wa pedi, uisugue kwa kidole mpaka kila uzi uwe na kitu, kisha ufute iliyozidi. Baada ya hapo, matone matatu au manne madogo kwa kila kipande yanatosha. Weka spidi ya 4 au 5 kwa mashine yenye 6, mkono uende polepole, kila mstari ule nusu ya uliotangulia, na upite kipande chote mara nne hadi sita. Chora mstari wa kalamu ya wino mzito pembeni ya sahani ya mashine. Ukiona mstari umesimama, pedi haizunguki tena, inatetemeka tu, na hapo unapoteza stima. Hutokea sana kwenye mikunjo ya milango: punguza mkandamizo au weka sahani ndogo.

Sasa gari lako. Subaru, Mazda na Toyota nyingi zina klia laini, tofauti na ile ngumu ya Mercedes au Audi. Klia laini hukwaruzika upesi na hukatika upesi, na maikrofaiba karibu kila mara itaiachia ukungu kidogo, hata ukifanya kila kitu sawa. Huo ukungu wa kawaida hauogopeshi, unatoka kwa pedi laini ya sponji na polishi nyepesi. Kwa hiyo hesabu kazi mbili tangu mwanzo. Na kabla ya yote jaribu sponji ya kati kwenye kipande kimoja cha bonneti. Ikitoa asilimia kubwa ya mikwaruzo, acha maikrofaiba kabatini. Kutumia pedi kali kwa sababu umeinunua ni uroho tu, na nasema hivyo nikijua nilivyofanya.

Kuhusu kuliwa kwa rangi: klia ya kiwandani huwa kama mikroni 40 au 50, yaani nyembamba kuliko nywele ya kichwa. Iko ya kupunguza, ila hairudi. Kama unaweza kuazima kipimo cha unene, pima kila paneli. Tabaka zote pamoja kwenye gari la Japani ambalo halijaguswa mara nyingi nakuta kati ya mikroni 90 na 140. Ukisoma 250 mlango mmoja, huo umepigwa rangi upya, na hapa Nairobi mlango wa namna hiyo haukosekani, hata kwenye gari ulilouziwa kwa kiapo. Huo usiuamini. Baadhi ya rangi za mafundi wa jua kali hazina klia kabisa. Utajua pedi ikibadilika kuwa na rangi ya gari. Ukiiona, simama, fikiri upya. Kingo zote na mikunjo mikali zibandike tepu ya karatasi, kwa sababu pale ndipo klia ilipo nyembamba zaidi na ndipo pedi inapopenda kulala.

Kama huwa unaegesha chini ya miti ya pale uwanja wa Nyayo, wanakolala wale ndege korongo, kuna madoa ambayo usiyafukuze. Kinyesi kikikaa juani kinachimba klia, na shimo lenyewe linaweza kuwa refu kuliko unachoruhusiwa kukata. Ukilipunguza makali lisishike macho, inatosha.

Kazi ifanyie kivulini, bonneti ikiwa baridi. Januari na Februari jua letu hukausha kompaundi kabla hujamaliza mara ya tatu, kwa hiyo mimi huanza saa moja asubuhi. Osha gari kwanza, pitisha ule udongo maalumu wa kunasia uchafu mpaka mkono uteleze. Na kabla hujajisifu, futa kipande kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji. Mafuta ya kompaundi hujaza mikwaruzo na kukudanganya. Hivyo ndivyo polishi nyingi za haraka za mtaani "zinavyong'aa": mvua mbili, buibui amerudi.

Jioni zioshe pedi siku hiyohiyo kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji. Usitie ile dawa ya kulainisha nguo, inazipaka nyuzi. Kamua kwa kiganja, usizisokote. Anika kivulini uso ukiangalia chini, maji yasikae kwenye gundi.

Demio niliirudia Jumapili nzima kwa sponji nyeusi ya kumalizia na polishi, bila malipo, na ukungu ulitoka wote. Shemeji alilipeleka kuoshwa Jumanne, palepale kando ya barabara.