Mabeki wa zamani walikuwa laini?

Ndugu, unaposema Pelé asingefua dafu leo kwa sababu mabeki wa enzi zake walikuwa laini, itazame tena Kombe la Dunia la 1966. Kadi za njano na nyekundu hazikuwepo bado, wala hakukuwa na kubadilisha mchezaji. Vyote vilianza 1970. Beki wa Ureno, Morais, alimpiga daluga mara mbili katika shambulizi lilelile, na Pelé akamaliza mechi akichechemea. Winga wa leo akiguswa tu, VAR, yaani mwamuzi wa video, inaitwa!

Mimi mabao huwa sihesabu sana. Natazama mtu anafanya nini mwili ukishakataa au presha ikipanda. Fainali ya 1970 dhidi ya Italia, Pelé ana miaka 29, anapokea mpira nje ya boksi, anatulia, kisha anausukuma taratibu kulia bila hata kugeuka. Carlos Alberto, mwenzake wa Brazil, anatokea nyuma, kombora, 4-1. Jicho lile halina enzi.

Messi naye alikosa penalti fainali ya Copa América 2016, akatangaza kustaafu timu ya taifa. Alirudi, na 2022 akabeba Kombe la Dunia akiwa na miaka 35.