Fundi anajibu: Dawa ya oili kwa pikipiki isiyoumwa

Wiki hizi mbili maswali mengi yaliyonifikia ni ya vile vichupa vinavyopangwa kaunta kwenye maduka ya spea, vile ambavyo muuzaji anaviita "dawa ya oili". Nimechukua sita. Mengine ya cheni na betri yatasubiri.

Fundi, shikamoo. Nina Boxer ya mkataba, huu mwezi wa tisa. Namwaga oili kila kilomita 1,500 na haijawahi kunisumbua. Dukani wananiambia kila nikimwaga niongeze na kichupa cha dawa, shilingi 12,000, eti injini itadumu mara mbili. Niongeze? (Dereva, Kahama)

Marahaba, mdogo wangu. Usiongeze.

Oili unayonunua tayari ina dawa ndani. Kiwanda kinachukua mafuta ya msingi, kinayatia vitu vya kuosha masizi, vya kuyafanya masizi yaelee yasigande, vya kuzuia povu na kutu, vya kuzuia oili isiharibike upesi kwa joto. Kuna pia mchanganyiko wa zinki na fosforasi unaojenga utando mwembamba pale chuma kinapokwaruzana na chuma, kwa mfano kwenye kamshafti na roka. Vyote hivyo vimepimwa vikiwa pamoja, kwa uwiano wake, na baadhi yake vinagombea sehemu ileile ya chuma. Ukimimina kichupa juu yake unatia chumvi kwenye mchuzi ambao mpishi ameshauonja na kuuepua.

Halafu kuna jambo la klachi, na hapa ndipo watu wengi wanaumia. Kwenye gari la kawaida, oili ya injini ni ya injini tu. Giaboksi ina yake. Boxer yako ina karibu lita moja, na lita hiyohiyo inahudumia pistoni, meno ya gea na klachi. Pleti za klachi zinaogelea kwenye oili, na kazi yao ni kushikana. Dawa inayojisifu kupunguza msuguano haichagui msuguano upi ipunguze. Wajapani waliliona tatizo hili oili za magari zilipoanza kutengenezwa ziwe laini zaidi ili kuokoa mafuta, ndiyo maana mwaka 1998 wakaleta kipimo cha JASO. Geuza chupa yako, nyuma utakuta herufi MA au MA2. Maana yake oili hiyo imejaribiwa na klachi ya kwenye oili inashika. MA2 inashika zaidi. Lakini herufi hizo zinaisemea oili ilivyotoka kiwandani. Ukishaichanganya na kichupa, hakuna aliyeipima tena.

Utakutana na wenzako kijiweni watakaokuapia kwamba waliweka na injini ikatulia. Waulize waliweka lini. Karibu wote waliweka siku waliyomwaga oili, na oili mpya peke yake inatuliza injini.

Hiyo 12,000 peleka kwenye oili yenyewe, umwage kila kilomita 1,000 badala ya 1,500, maana boda haiendeshwi kama pikipiki ya mwalimu ya kwenda shule na kurudi. Na kagua chujio la hewa, ile ea klina, kila wiki wakati wa kiangazi. Vumbi la barabara za huko kwenu lina mchanga ndani yake, na mchanga ukipita unasaga ringi na silinda. Hakuna dawa ya chupa inayoyeyusha mchanga.

Fundi, mimi nimeshaweka, tena ya gari. Sasa nikipandisha mlima na abiria injini inalia tu, mwendo hauji. (Mbeya)

Pole. Klachi inateleza. Kabla hujamlaumu aliyekuuzia, angalia waya wa klachi: leva iwe na uchezaji kidogo, milimita 10 hivi kwenye ncha yake. Waya ukikazwa sana klachi inateleza hata kama oili ni safi.

Kama waya uko sawa, pasha injini, mwaga oili yote, weka mpya yenye MA2. Tembea kilomita 200 au 300 bila kubeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, kisha mwaga tena. Mara nyingi inarudi. Ikikataa, pleti zimeshaungua au zimekunywa ile dawa, nunua nyingine. Nakuambia haya nikiwa na kovu langu: miaka ya mwanzo gerejini nilimwekea mteja kichupa cha namna hiyo nikidhani namfanyia hisani, na pleti mpya nikazinunua kwa hela yangu.

Kuna jamaa sokoni ana mashine yenye gurudumu linalozunguka. Akiegemeza chuma kwenye oili ya kawaida kinapiga kelele na kuchimbika. Akitia dawa yake, kimya, hata akining'iniza uzito. Nimeona kwa macho yangu, utasemaje? (Mwanza)

Nitasema umeona kweli, hakuna kiini macho. Swali ni kama mashine ile inafanana na injini yako. Pale chuma kimekandamizwa kwenye gurudumu kwa nguvu kubwa, mahali padogo, bila nafasi ya oili kupita. Dawa nyingi zinazoshinda mchezo huo zina klorini, ambayo inafanya kazi haraka kwenye chuma kilichokandamizwa namna hiyo. Kuna waliomimina hata shampoo ya nywele kwenye mashine ya aina ile, ikafaulu vizuri. Sidhani utaiweka kwenye Haojue yako.

Ndani ya injini, pistoni inateleza juu ya utando wa oili, krenki ya pikipiki zetu nyingi inazunguka kwenye beringi za gololi na za roli, na pale penye mkandamizo mkubwa ile zinki niliyoitaja iko kazini tayari. Klorini kwenye injini yenye joto na unyevu inaweza pia kuzaa asidi, nayo inakula chuma.

Madai haya si mageni. Marekani, tume ya serikali inayosimamia ukweli wa matangazo ya biashara iliishitaki kampuni ya dawa ya oili ya Slick 50 mwaka 1996 kwa kudai inapunguza uchakavu wa injini bila ushahidi wa kutosha. Mwaka uliofuata kesi ikaisha kwa makubaliano: madai hayo yasirudiwe bila ushahidi. Kampuni nyingine kadhaa za dawa za oili zilipitia njia hiyohiyo. Na hayo yalikuwa mambo ya magari, ambayo hata klachi ya kwenye oili hayana.

Pikipiki yangu ya zamani inatoa moshi wa bluu na inakula oili. Ile dawa nzito kama asali haisaidii kabisa? (Moshi)

Inasaidia kidogo, kwa muda, na nisingekuwa mkweli nikisema vinginevyo. Inafanya oili iwe nzito, oili nzito inapita kwa shida kwenye ringi zilizochakaa, moshi unapungua. Ila kwenye pikipiki oili hiyo inapita pia katikati ya meno ya gea, na meno yanakatakata kile kinachoipa uzito. Baada ya muda mfupi moshi umerudi.

Bora ujue unakotoka. Moshi ukija ukivuta mafuta, shuku ringi na silinda. Ukija asubuhi unapowasha, au ukiachia mafuta kwenye mteremko halafu ukavuta tena, shuku sili za valvu, ambazo ni za bei nafuu kuliko watu wanavyodhani. Fundi mwenye geji apime mgandamizo, kisha atie kijiko cha oili kwenye tundu la plagi apime tena. Ukipanda, ni ringi.

Na ukienda kununua pikipiki mkononi, chovya kijiti cha oili. Ukikuta oili nzito ajabu inavutika kama ute, muulize mwenye mali inaficha nini.

Hujambo fundi? Hapa Kisauni wanaosha injini kwa dizeli kabla ya kutia oili mpya. Na wengine huchanganya oili ya tu-stroki kwenye petroli ya injini ya fo-stroki "ilainishe juu". Ni sawa? (Mombasa)

Sijambo. Yote mawili acha. Dizeli haitoki yote, inabaki kwenye pembe za injini na kwenye pleti, inapunguza uzito wa oili uliyoinunua jana. Oili ya tu-stroki kwenye fo-stroki inaacha masizi kwenye plagi na valvu, basi.

Ukitaka kuosha kweli, na pikipiki yako ni ya ukoo wa CG 125, jua kwamba haina filta ya karatasi. Ina wavu chini, na kikombe kinachozunguka na krenki ambacho kinautupa uchafu ukutani na kuugandisha. Kikombe hicho wengi hawajawahi kukifungua tangu pikipiki itoke dukani. Nimeshakwangua humo tope zito kama ugali.

Nina boda tatu. Kijana wangu mmoja ananikata 10,000 kwenye hesabu kila mwezi, anasema ni ya dawa ya oili. Ananidanganya? (Tajiri, Tabata)

Huenda anaiweka kweli, muuzaji kamwaminisha. Mwambie akuonyeshe kichupa kitupu. Kisha kubalianeni hela hiyo iendelee kutoka, ila inunue oili yenye MA2, mwaga ifanyike wewe ukiwepo au alete risiti, na chupa iliyoisha itobolewe kabla ya kutupwa, kuna watu wanaziokota na kuzijaza oili chafu.