Nililewa Jumapili, nikakamatwa Jumatatu

Swali lenu la wiki hii linauliza kama faini wanayotozwa madereva walevi inatosha, au iongezwe mpaka imuume mtu. Mimi nimewahi kuilipa, kwa hiyo nawajibu kama mtu aliyeionja. Kiasi chake sitakitaja, maana mke wangu naye ni msomaji wenu na mpaka leo anajua nusu yake tu.

Jibu langu ni kwamba hata mkiizidisha mara kumi, haitamgusa mlevi wa aina yangu. Mlevi wa aina yangu hajui kama amelewa.

Ilikuwa 2022, siku ya Jumapili, tunavunja kamati ya harusi ya binamu yangu kwenye bustani moja ya Ilazo, hapa Dodoma. Waliowahi kuvunja kamati wanajua: michango iliyobaki lazima iishe, na haiishi kwa soda. Nilianza saa mbili usiku. Mpaka naondoka nilikuwa na bia saba tumboni, zile chupa za nusu lita, ya saba ikiwa ya kufungia. Tena nikajiona mwenye akili kuliko wenzangu wote: gari nikaliacha palepale kwa mlinzi, nikarudi Nkuhungu kwa bodaboda. Saa saba usiku niko kitandani. Saa kumi na moja na nusu nimeamka, nimeoga maji ya baridi, nimekunywa kahawa chungu, nimetafuna bigijii, nimechukua bodaboda nyingine kulifuata gari. Kichwa kilikuwa kizito kidogo, basi. Nikajiambia ni usingizi.

Kwenye barabara ya Dar es Salaam, kabla ya kufika Nanenane, foleni ilisimama na mimi sikusimama. Nilimgusa bajaji kwa nyuma. Nasema "nilimgusa" kwa sababu ndivyo nilivyowaambia trafiki. Taa yake ya nyuma ilikuwa imesambaa lami nzima, na mafungu ya mchicha aliyokuwa amebebeshwa na mama mmoja yako chini. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Yule kijana dereva akaja dirishani kwangu akiwa na hasira zake, akainama, halafu hasira zikamwisha ghafla. Akanitazama kwa huruma.

"Bosi," akasema, "umeamkia baa?"

Trafiki aliyekuja alikuwa mdada mpole. Akachana karatasi ya kimrija kipya mbele ya macho yangu, akakichomeka kwenye kipima ulevi, akaniambia vuta pumzi, puliza. Nikapuliza. "Endelea, endelea, endelea, usikate." Kikalia. Kilisoma 104. Kikomo cha Sheria ya Usalama Barabarani, ile ya 1973, Sura ya 168, kilikuwa miligramu 80 za kilevi kwenye mililita 100 za damu.

"Afande, hicho kifaa kibovu. Mimi nimelala."

"Wote wa Jumatatu mnasema hivyohivyo," akanijibu, huku anaandika.

Rafiki niliyempigia simu akanishauri nimalizane naye hapohapo. Ukweli ni kwamba mfukoni nilikuwa na elfu mbili, kwa hiyo uadilifu wangu wa siku ile msiusifu sana. Ila nilipotulia nikaona ningekuwa nimejiongezea kesi ya rushwa ya TAKUKURU, nayo haiishi kwa kontroo namba, ile namba ya kulipia faini ya serikali.

Baadaye nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ambayo sikuwahi kufundishwa na mtu, wala na walionipa leseni. Chupa ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi chenyewe. Kwa mwanamume wa kilo 75 kama mimi, kila chupa inapandisha kipimo kwa miligramu 39 hivi. Chupa saba ni 273. Ini la mtu wa kawaida linapunguza kama miligramu 15 kila saa, na halina haraka: kahawa hailiharakishi, supu ya kongoro hailiharakishi, maji ya baridi yanakupa mlevi aliyeoga. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi linakuwa limeondoa 160. Toa mwenyewe. Unabaki na 113, na kifaa nilichokiita kibovu kilisoma chini ya hapo. Kwa hesabu hiyo ningeshuka chini ya 80 karibu saa tatu asubuhi, na kumaliza kabisa saa nane mchana. Saa nane mchana! Nimeendesha Jumatatu ngapi kabla ya hiyo?

Kituoni sina mengi ya kusema. Unavua mkanda, unatoa kamba za viatu, simu inaandikwa kwenye daftari, unaingia. Ukutani kaunta pameandikwa dhamana ni bure, na kweli ilikuwa bure. Kilichokuwa na gharama ni kumpata mdhamini. Sikumpigia mke wangu. Nilimpigia mdogo wake, nikamwomba aje kimya kimya na kitambulisho cha NIDA na barua ya mtendaji wa mtaa. Alikuja mchana. Alikuja na dada yake. "Shemeji," akaniambia, "barua ya mtendaji wanaandika sababu. Nao ni majirani zako." Kwa hiyo kabla sijatoka lokapu, Nkuhungu nzima ilikuwa imeshanisomea hukumu.

Ushauri wa sheria nilipewa na bwana harusi mwenyewe, ambaye ni wakili, kwa simu, akiwa fungate. Alinieleza vizuri na ninawapa bure. Kusema "si kweli" mahakamani si ujeuri. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakuhesabu huna kosa mpaka ithibitishwe, na upande wa mashtaka ndio wenye kazi ya kuleta kipimo chao na shahidi wao. Ukisema "ni kweli", unasomewa maelezo ya tukio, unaulizwa tena kama ni kweli, na ukikubali, mlango wa kukata rufaa juu ya kutiwa hatiani kwa kawaida umefungwa. Unabaki na rufaa ya ukubwa au uhalali wa adhabu. "Usiseme ni kweli kwa sababu una haraka ya kurudi kazini," akaniambia. Nilisema ni kweli kwa sababu ilikuwa kweli.

Mashtaka yalikuwa mawili, kuendesha gari ukiwa na kilevi kupita kiwango na kuendesha bila uangalifu. Yalisomwa kwa Kiswahili, lugha ambayo sheria iliifanya ya mahakama mwaka 2021. Siku nyingine yoyote ningejivunia. Siku ile, huku mama mkwe ameketi benchi la tatu, nilitamani wasome Kilatini.

Nikaomba kupunguziwa adhabu. Kosa la kwanza, mheshimiwa, nina watoto watatu, nina mama mzee Kongwa ananitegemea. Hakimu aliacha kuandika.

"Watoto unawapeleka shule kwa gari hilihili?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Asubuhi?"

"Asubuhi."

Akarudi kwenye faili lake. Hakuongeza neno, na mimi sikuwa na jingine la kuomba.

Ilikuwa faini au jela miezi sita, pamoja na kufungiwa leseni miezi sita. Hapo ndipo utaijua faini. Mpaka risiti itoke, wewe ni mfungwa kama wengine, unakaa mahabusu ya mahakama. Shemeji alikuwa kwa wakala barabarani na kontroo namba mkononi, mtandao umeganda, na mimi kupitia nondo naiona karandinga imewashwa, dereva wake anakula muwa, askari magereza anaita majina ya watu wa kwenda Isanga. Jina langu lilikuwa kwenye karatasi. Liliitwa. Nilikuwa nimeshasimama mlangoni shemeji alipokuja mbio anapunga simu juu, jasho linamtiririka, anapiga kelele "imeingia, imeingia." Nikilipa ile hela kwa utulivu, nyumbani kwenye kochi, sijui kama ningeikumbuka hadi leo.

Kazini walinitoa kwenye usambazaji wakanipeleka stoo. Miezi sita ya daladala imenifundisha kuwa Dodoma ina vumbi zaidi ya nililokuwa naliona kwenye kioo. Pendekezo langu, kama wahusika wanasoma: acheni faini ilivyo, kiteremsheni kipima ulevi barabarani saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu, hasa baada ya wikiendi za harusi. Usiku tunaogopana. Asubuhi kila mmoja kafunga tai na anajiona mzima.

Yule kijana wa bajaji tulimalizana wenyewe, maana bima ningeiambia nini. Nililipa mchicha wa mama, taa, fundi wa bodi, na hesabu ya siku tatu anayompelekea tajiri wake, elfu ishirini kwa siku. Nilimfuata kijiweni kwake Jumamosi. Akazipokea, akazihesabu mara mbili, akachomoa elfu nane akanirudishia.

"Siku ya tatu fundi aliwahi kumaliza, bosi," akasema. "Jioni nilipata vichwa."