Muulize Fundi: Kinga (baiskeli) imelala kwenye makoro

SWALI: Jambo mafundi. Juzi niliteleza kwenye changarawe za makoro, yale mawe ya volkeno, kinga ikalalia upande wa kulia. Mimi nilichubuka kiwiko tu, lakini gia za nyuma zinaruka zenyewe na gurudumu la nyuma linagusa breki kila likizunguka. Naweza kuipanda hivyo mpaka kwa fundi kule mtaa wa Birere?
Msomaji, Himbi, Goma

JIBU: Ndugu, kulia ndiko kubaya, maana derayeri, kile kifaa kinachohamisha cheni kutoka gia hadi gia, imetokeza huko na ndiyo hupigwa kwanza. Kabla hujaikagua, usipandishe cheni kwenye gia kubwa ya nyuma. Kikono kinachoshika derayeri kikipinda kwenda ndani milimita chache tu, cheni ikifika kwenye gia ile derayeri inaingia katika spoku. Gurudumu linakwama ghafla, na unaweza kupoteza spoku, derayeri na hata fremu kwa mara moja.

Chuchumaa nyuma ya kinga. Vile viroda viwili vya derayeri na gia iliyobeba cheni vinatakiwa kusimama mstari mmoja. Kiroda cha chini kikiegemea gurudumu, kikono kimepinda. Kwenye fremu nyingi za chuma kikono ni sehemu ya fremu yenyewe, nacho hunyooshwa bila wasiwasi. Kwenye alumini ni kipande cha pekee, kimefanywa laini makusudi ili kipinde chenyewe fremu ipone. Kinyooshe mara moja, ukijua mara ya pili kinaweza kukatika. Ukienda kununua kingine nenda na kile cha zamani mkononi, kwani maumbo ni mengi mno.

Kunyoosha kwa macho ni kubahatisha. Toa derayeri kwa ufunguo wa alen wa milimita 5, kisha uazime gurudumu la nyuma lenye ekseli ya milimita 10, ambayo uzi wake wa skrubu una nafasi ya milimita 1. Ekseli hiyo huingia kwenye tundu la derayeri, na sasa una magurudumu mawili yaliyosimama bega kwa bega. Pima nafasi kati ya rimu hizo mbili juu, chini, mbele na nyuma. Vuta gurudumu la kuazima polepole mpaka nafasi zilingane.

Rimu sasa. Ikiegemea kushoto, kaza spoku za kulia za sehemu ile robo mzunguko, na za kushoto uzilegeze robo. Wengi hukaza tu bila kulegeza, rimu ikavutwa kuelekea kitovu cha gurudumu, na gurudumu linaanza kurukaruka. Rimu yenye mkunjo unaoonekana usiihangaikie, tafuta nyingine.

Kuhusu Birere: ukiweka gia ya katikati na breki zote mbili zikishika, nenda taratibu. Kama imekubidi ufungue breki ili gurudumu lipite, isukume.

SWALI: Baada ya kuanguka, usukani unatazama kando wakati gurudumu liko mbele. Ni kuupiga nyundo?
Msomaji, Keshero

JIBU: Nyundo hapana. Legeza bolti za shingo ya usukani, bana gurudumu la mbele kwa magoti, geuza, kaza. Shingo ya zamani yenye bolti moja juu: ilegeze mizunguko mitatu, weka kipande cha mbao juu ya kichwa chake na ugonge kidogo ili kabari ya ndani iachie.

Usukani wa alumini uliopinda haunyooshwi, hununuliwa mwingine. Halafu pitisha kidole chini ya bomba la fremu, karibu na uma wa mbele. Rangi iliyokunjamana au kupasuka pale ina maana bomba limeumia, usiipande. Chuma kinachomelewa na fundi mzuri. Alumini hudhoofika kando ya mahali ilipochomelewa, kwa hiyo fremu hiyo usiirudishe barabarani.

Ukimaliza, vishikio vya breki visikazwe mpaka mwisho. Viache viweze kugeuka ukivisukuma kwa nguvu, ili kinga ikianguka tena vizunguke badala ya kuvunjika.