Magonjwa ya damu: usikariri majina

Mdogo wangu, umeuliza utayatofautishaje magonjwa ya damu kabla ya mtihani wa usaidizi wa fiziotherapia. Acha kukariri majina. Jiulize kilichopungua ni nini. Chembe nyekundu zikipungua, oksijeni haifiki vya kutosha: mgonjwa huhema na moyo kwenda mbio kwa zoezi dogo tu. Hemofilia ni ugonjwa wa damu kutoganda vizuri: A ni upungufu wa kigandisha damu namba 8, B ni namba 9. Hapa ndipo wengi huteleza: goti la mgonjwa huyo likivimba ghafla na kupata joto, chukulia kwamba damu inavuja ndani ya kiungo. Usilinyooshe wala kulikanda. Lipumzishe, umwite msimamizi wako. Selimundu, yaani chembe nyekundu zinazopinda kama mundu? Anywe maji, asichoke kupita kiasi. Na barafu kwake sahau kabisa.