Muulize daktari alichopima

SWALI: Tangu Februari nimetibiwa malaria na taifodi mara nne kwenye kliniki moja hapa Arua, Uganda. Nachomwa sindano siku tano, napata nafuu, halafu homa ya jioni inarudi. Nimekonda. Daktari ana haraka na sitaki aone namdharau. Nifanye nini?
– Mama wa watoto watatu

JIBU: Pole sana, mama. Kesho nenda hospitali ya serikali ukaseme maneno hayohayo: homa ya jioni, tangu Februari, nimekonda. Omba makohozi yapimwe kifua kikuu, na damu ipimwe VVU. Huko vipimo hivyo ni bure. Kama nyumbani mnakunywa maziwa yasiyochemshwa, litaje hilo bila kungoja kuulizwa, maana bruselosisi, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, nayo huleta homa ya kwenda na kurudi. Na kama pamoja na sindano ulipewa vidonge vya sipro (antibiotiki), sema: vinaweza kukituliza kifua kikuu kwa muda bila kukiponya.

Hiyo "taifodi" yako huenda ilitoka kwenye kipimo cha damu kiitwacho Widal. Widal hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili waliotengenezwa dhidi ya ugonjwa, si vijidudu vyenyewe. Ukiwahi kuugua zamani inaweza kuonyesha chanya, hata malaria huidanganya. Anayetaka uhakika huotesha damu maabara aone kama vijidudu vitakua, tena kabla hujaanza dawa. Juzi nilifungua daftari la mgonjwa mmoja: Widal chanya, sindano ya seftriaksoni, Widal chanya, seftriaksoni, kurasa sita. Uzito wake haukuandikwa hata mara moja. Mkanda wa suruali alikuwa ameutoboa matundu mawili mapya kwa msumari.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mgonjwa huyo si mpole hata kidogo. Alinigongea meza akitaka dripu. Nilipomuuliza kliniki ile ilimwambia anaumwa nini, akasema hakuuliza, musawo (mganga wa kliniki) ndiye anayejua. Nakutana na jambo hili kila siku: watu wana sauti ya kudai sindano, lakini ya kuuliza sababu yake hawana. Huko si kujitetea. Ukidai dripu kwa nguvu, kliniki ya biashara itakutundikia na kukutoza, na ugonjwa utabaki palepale.

Uliza hivi, kwa adabu yako yote: "Daktari, umepima nini, umeona nini? Nisipopona, nirudi siku gani, na tutapima nini kingine?" Hati ya Haki za Wagonjwa ya Wizara ya Afya inakupa haki ya kuelezwa ugonjwa wako na ya kutafuta maoni ya daktari mwingine. Majibu yaandikwe kwenye daftari lako, pamoja na jina la dawa na dozi. Akikwambia "malaria na taifodi" kwa mara ya tano, mwonyeshe zile nne.

Nawaambia na wengine wanaosoma hapa: kwa sababu wagonjwa hawaulizi, siku hizi wapo wanaokushikisha kifaa kilichounganishwa na kompyuta, kisha wanakuchapishia ini, figo na "sumu mwilini", na mwishoni wanakuuzia mikebe ya virutubisho. Huo ni wizi. Kifaa hicho hakijagusa damu yako, mkojo wako wala makohozi yako. Ukikiona mezani, chukua daftari lako uondoke kabla hujalipa.