Shuta nzito si lazima springi iwe imechoka

Kijana anayeanza kazi ya kutengeneza kamera za filamu akiletewa Zorki au FED, ambazo ni kamera za renjifainda, na pazia la shuta (kile kinachofungua na kufunga njia ya mwanga) linajikokota, wazo la kwanza ni kukaza springi. Anafungua chini, anaziona skrubu za kukazia, anazungusha kidogo, pazia linaruka vizuri na mteja anaondoka anacheka. Kamera inarudi baadaye, na safari hii upande mmoja wa picha umekuwa mweusi. Hapa Mwanza nimeshika nyingi za namna hiyo, zilizokwisha kupita kwenye meza mbili tatu kabla ya kufika kwangu, na mara nyingi ugonjwa wa mwanzo ulikuwa uchafu tu. Nawaandikia hasa ninyi mnaohamia huku kutoka kwenye simu na saa za mkono. Mikono mnayo tayari. Mnachohitaji ni kujua uanzie wapi.

Kamera za renjifainda ni zile ambazo dirisha la kutazamia liko juu ya lenzi au pembeni yake, na unalenga kwa kuleta vivuli viwili vya kitu kimoja mpaka vikae pamoja. Hazina kioo cha kupinduka ndani. Shuta zake ziko za aina mbili kubwa: ya mapazia, inayokaa mbele ya filamu, kama kwenye Leica na ndugu zake wa Urusi na Ukraine, na ya vibamba, inayokaa katikati ya lenzi, kama kwenye Canonet na Yashica. Usichanganye dawa zake.

Tuanze na mapazia, maana huko ndiko watu wanakoharibu. Pazia la kwanza linafungua njia ya mwanga, la pili linafuata kufunga. Ukiweka kasi ya 1/25 ya sekunde, la pili linasubiri mpaka la kwanza limalize safari. Ukiweka 1/500, la pili linaondoka karibu sana nyuma ya mwenzake, kiasi kwamba kinachopita mbele ya filamu ni ufa wa milimita chache tu. Shika hilo vizuri: kwenye kasi kubwa mapazia hayakimbii zaidi, ila ufa unakuwa mwembamba zaidi. Sasa fikiria rola ya pazia la kwanza, yaani mrija linamojiviringishia, ina grisi iliyokauka tangu kiwandani. Linaanza vizuri, linachoka njiani. La pili likiwa jepesi linalikaribia, ufa unazidi kubana, mwisho unafunga kabla ya kufika ukingoni. Huo ndio weusi wa upande mmoja. Ukikaza springi zote mbili, umeongeza nguvu bila kuondoa kizuizi; itaenda siku chache, na nyuzi na gundi za zamani zitabeba mzigo usio wao.

Kwa hiyo safisha kwanza, kaza mwisho, na mara nyingi hutafika kwenye kukaza. Mimi natumia benzini safi ya kujazia viberiti, kwa tone moja moja kwenye ncha ya kijiti, pale ekseli za rola zinapoingia kwenye matundu yake. Petroli ya kituoni inaacha utando, achana nayo. Tina inakula rangi na plastiki. Fungua madirisha, na jiko lisiwe karibu. Baada ya hapo piga shuta mara nyingi, futa uchafu mweusi unaotoka, rudia. Ikishakauka kabisa, weka oili ya saa kwenye ekseli, kiasi ambacho jicho linakiona kwa shida. Oili ya cherehani inatambaa, kesho utaikuta kwenye pazia. Meno ya gia yaache makavu.

Kama baada ya yote hayo bado lazima uguse springi, andika ilipokuwa kabla ya kuilegeza, uhesabu mizunguko, na urudi kwa robo robo. Fundi asiyeandika namba hizo anabahatisha.

Jambo moja la Zorki 4: koki kwanza, yaani iweke shuta tayari kwa kupiga, ndipo ubadilishe kasi. Kitufe chake cha kasi kinazunguka pamoja na mitambo, na alama inasoma sawasawa ikiwa imekokiwa tu. Mwambie na mteja, maana akienda kukizungusha kabla ya kukoki anaweza kukurudishia kazi ileile.

Shuta za vibamba zina tabia nyingine. Vibamba ni vyembamba mno na vinatakiwa viwe vikavu kabisa. Grisi ya kwenye mzunguko wa kulengea inayeyuka kwa joto na kutambaa mpaka huko. Kamera iliyolala kwenye dashibodi ya gari pale maegesho ya Capri Point mchana kutwa inatosha kuanza safari hiyo. Ikishika, vibamba vinagandana na shuta inabonyea bila kufunguka. Usivisukume kwa kibano. Toa kundi la lenzi la mbele (pete yake inazunguka kwa kukandamiza kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, huhitaji kuikwaruza), dondosha benzini kidogo, piga, futa, dondosha tena. Mtego uko hapa: ikiwa bado imeloa itafanya kazi kama mpya. Iache ikauke usiku mzima, kisha ujaribu. Ikishika tena, grisi ilihama tu, haikutoka. Rudia mpaka ipite ikiwa kavu.

Kasi ndogo kama sekunde moja zina gia zake za kuchelewesha, ndizo zile zinazolia mzzz. Mlio ukikatika katikati na shuta ikabaki wazi, uchafu uko kwenye gia hizo. Na kile kijiwenzo cha kujipiga picha mwenyewe, usikiguse kwenye kamera usiyoijua. Kikikwama kikiwa kimekokiwa kinaweza kufunga shuta nzima.

Yashica Electro 35, iliyotoka 1966, inawachanganya vijana kwa sababu kasi yake inapangwa na umeme. Bila betri inapiga 1/500 tu, basi mtu anaiita mbovu. Weka betri kwanza: ya asili ilikuwa ya zebaki yenye volti 5.6, lakini ya volti 6 ikiwekewa kijazio inafanya kazi. Kisha vuta wenzo wa filamu ukisikiliza. Lazima usikie "tok" moja nzito ndani. Usipoisikia, kipande kidogo cha mpira ndani kimekwisha kuoza, na hakuna usafi utakaokisaidia. Ni kukibadilisha, na kazi hiyo ni ya kufungua kamera nzima. Taja bei kabla ya kugusa skrubu.

Kupima. Simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde inatosha kwa kasi ndogo: sekunde moja iwe fremu 240, 1/30 iwe 8, 1/60 iwe 4. Kuanzia hapo kwenda juu simu inakudanganya. Mimi nina TV ya chogo ambayo fundi mwenzangu alitaka kuitupa, na siiuzi. Chogo inachora picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, mara 50 kwa sekunde. Fungua mgongo wa kamera, elekeza lenzi kwenye kioo cha TV, chungulia kwa nyuma na upige. Kwa shuta ya vibamba kwenye 1/500 utaona mkanda wa mwanga wenye urefu wa sehemu ya kumi ya kioo. Kwa shuta ya mapazia mkanda unakaa mshazari, kwa sababu ufa unakwenda pembeni wakati mistari inashuka. Angalia unene wake tu. Ukiwa sawa mwanzo hadi mwisho, mapazia yanakwenda pamoja. Ukipungua kuelekea upande mmoja, umeona ugonjwa bila kutumia filamu hata moja, na filamu siku hizi si ya kuchezea.

Lililobaki ni matundu. Kwa kuwa hakuna kioo ndani, jua likipita kwenye lenzi iliyolengwa mbali linaangukia pazia moja kwa moja na kulitoboa. Anayepiga picha machweo ya ziwa kutoka Bismarck Rock, ile miamba ya ziwani hapa Mwanza, kisha akaacha kamera kwenye jiwe ikitazama jua, anaweza kukuletea tundu kama la sindano. Zima taa, washa tochi ndogo ndani ya kamera, tazama. Tundu moja, paka rangi nyeusi ya mpira nyembamba sana, ikauke, basi. Kitambaa kikiwa na nyufa kila mkunjo, usipake: kila tabaka la rangi linaongeza uzito na unarudi kulekule kwa pazia zito. Badilisha yote mawili kwa pamoja, kitambaa cha hariri chenye mpira, ukipima kwa yale ya zamani. Hayo ya zamani usiyatupe mpaka mapya yapite kwenye chogo. Gundi iwe nyembamba, ncha ziwe mraba kamili, na wakati wa kukoki mapazia yapandiane kidogo ili mwanga usipenye katikati. Ndipo umpe mteja kamera yake pamoja na kifuniko cha lenzi. Kama hana, mtafutie kimoja na ukijumuishe kwenye bei.